Nanohenri Mia Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Dharau! Miaka kumi na minne nasokota koili katika karakana hii, na leo Mama Bosi anatangaza kwamba msimamizi mpya atapatikana kwa mashindano. Mimi na Msumari! Msumari ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika koleo! Kituo cha redio kimeagiza koili ya nanohenri mia mbili. Atakayeitoa sawasawa ifikapo Alhamisi atakabidhiwa funguo na kile chumba cha msimamizi chenye feni.

Ubaya ni kwamba baba mkwe nilishamwambia. Tangu Aprili anajua mimi ndiye msimamizi. Ijumaa anakuja kuiona ofisi yangu.

Jumanne, tarehe 4
Hesabu tayari. Jedwali letu la ukutani linapima koili kwa henri, si kwa hizo nano za watu wa redio, kwa hiyo lazima nibadili. Nano kwenda mikro, zidisha kwa elfu. Mikro kwenda mili, elfu tena. Mili kwenda henri, elfu nyingine. Jibu ni henri bilioni mia mbili. Nilitaka kuifikisha kwenye kilohenri, karatasi ikaisha.

Kipimo kinakua, namba inakua. Mtoto wa chekechea anajua hilo.

Basi waya utahitajika mwingi. Nikawahi stoo asubuhi, nikabeba roli zote tisa za waya, nikazificha chini ya meza yangu. Msumari alipokuja nikamwambia waya umekwisha. Akasema haidhuru. Haidhuru! Akaokota kwenye takataka kipande kirefu kama shubiri, akakizungusha mara sita kwenye penseli, akaenda kunywa chai. Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma.

Jumatano, tarehe 5
Hata nyumbani sina heshima. Mke wangu, fundi cherehani asiyejua koili wala redio, ameisoma karatasi yangu akasema nimekosea. Eti kitambaa kilekile ukikipima kwa inchi unapata thelathini na sita, ukikipima kwa yadi unapata moja. Kipimo kikubwa, namba ndogo. Eti ningegawanya, si kuzidisha. Nikamwambia umeme haukatwi kwa mkasi. Akanivika tepu yake shingoni, akasema nitaihitaji.

Niko roli ya saba. Koili imenifika kiunoni. Mikono imejaa malengelenge, lakini Ijumaa nitapigwa na upepo wa feni.

Alhamisi, tarehe 6
Uonevu mtupu! Mhandisi wa redio alifika saa tatu akashindwa kuingia, maana koili yangu imeziba mlango na watu wanne wameshindwa kuisogeza. Akapitia dirishani. Akaniuliza kama hilo ni tangi la maji.

Akaipima ile takataka ya Msumari. Nanohenri mia moja tisini na tano. Akasema inafaa kabisa, akampa mkono. Yangu hakuipima hata kidogo! Nikampa karatasi yangu. Akaisoma, akavua miwani, akasema taratibu kwamba henri bilioni mia mbili hazipatikani hata tukisokota waya wote wa dunia. Nanohenri mia mbili ni sehemu ndogo mno ya henri moja: sifuri, nukta, sifuri sita, halafu mbili.

Nikamjibu kwamba hata mimi sifuri ninazo, tena nyingi kuliko zake, ila zangu ziko upande wa pili. Mama Bosi akajifunika uso kwa khanga. Funguo amepewa Msumari. Mimi nimeamriwa kufumua roli zote tisa.

Ijumaa, tarehe 7
Baba mkwe kafika mapema, wakati Msumari yuko sokoni. Bahati! Nikamwingiza kwenye chumba chenye feni, nikakaa kwenye kiti, nikapanga kalamu mezani. Msumari akarudi ghafla. Nikamtambulisha kwa mzee kuwa ni karani wangu. Msumari akanitazama, akamwamkia mzee shikamoo, akatoka kumletea maji. Hata kunikana hakutaka, mnafiki yule!

Halafu Mama Bosi akapiga kelele kutoka uani, akiniuliza nimefumua roli ngapi, na nani kaniruhusu kukalia kiti cha msimamizi.

Mzee akamaliza maji yake polepole. Akasema feni ni nzuri. Akaondoka bila kunitazama. Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Jumatatu, tarehe 10 Juni
Haki imerudi! Kuna agizo jipya, koili ya amplifaya kuukuu, henri tatu. Mama Bosi kanipa nafasi ya mwisho: nikiitoa vizuri nitakuwa msaidizi wa msimamizi, nikiharibu nitafute kazi kwingine.

Msumari kaniletea roli nne za waya na kiini cha chuma kizito kama tofali. Kaniambia mizunguko itafika maelfu. Anafikiri nimezaliwa jana! Wiki iliyopita walinicheka kwa kusokota kubwa, leo wanataka nirudie. Kipimo kikubwa, namba ndogo, mke wangu mwenyewe kasema. Na namba ni tatu.

Nimemrudishia vyote. Nimeomba penseli tu. Nimezungusha waya mara tatu, nikamaliza kabla ya chai, na nimeshampigia simu baba mkwe aje Ijumaa.