Msamaha wa Wataalamu wa Matiliku

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Barua pepe imefika! Tumebaki wawili. Baraza la Mataifa la Sera za Kodi, makao yake Vienna, linatafuta mshauri mkuu. Mshauri mkuu! Na mmoja wa hao wawili ni mimi, Kiilu Mwau, mzaliwa wa Matiliku, mchumi niliyeshauri serikali nne na hakuna hata moja iliyorudi kulalamika. Kaluki, mke wangu, anasema hazikurudi kabisa. Mkataba wangu wa mwisho uliisha Februari, na tangu hapo niko nyumbani nikipanga mikakati. Kaluki ana neno lake fupi la hali hiyo. Silitaji hapa.

Wa pili ni Nderitu. Nderitu wa Salama! Tulikaa dawati moja chuo kikuu. Wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani, akakulia kati ya misumari na mabati. Hajawahi kuandika sentensi ambayo mama yake haielewi. Mtu wa namna hiyo ataishauri dunia vipi?

Kuna jaribio la mwisho. Jumanne ya wiki ijayo Bi. Sandra wa ofisi yao ya Nairobi atatutembelea, asubuhi kwa Nderitu, alasiri kwangu. Kila mmoja amwonyeshe watu wa kwao walioelewa kanuni ya kodi na wanaoifuata kwa hiari yao. Kwa hiyo nahitaji watu. Wengi, na wenye utii.

Matiliku watu hukusanyika mahali patatu: kanisani, matangani na kwenye mwethya, kikundi chetu cha kazi za kusaidiana. Pasta hagawi mimbari yake. Matanga hayapangiki. Nimeuliza kwa upole kuhusu afya ya Mzee Ndolo, nikaambiwa amepona kabisa. Basi ni mwethya.

Jumanne, 14 Oktoba

Bahati iliyoje! Mwethya wetu huchimba mitaro Jumanne na Ijumaa, shamba la huyu leo, la yule kesho, na kila nyumba hutoa mtu mmoja. Hakuna mshahara. Nyumba yetu huwakilishwa na Kaluki. Na zamu ya shamba letu ni lini? Jumanne ijayo! Bi. Sandra atatukuta tukichapa kazi.

Kaluki ameingoja zamu hii tangu mwaka jana. Shamba letu lina mteremko mkali, na mvua ya Novemba iliyopita ilibeba udongo wa juu pamoja na mbegu zote. Alilia siku hiyo. Sasa amesema mitaro isipochimbwa kabla ya mvua, mwaka huu tutakula ushauri wangu.

Nimeenda kuomba nafasi ya kuwahutubia. Mwenyekiti wao ni Mama Ndila, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Amesema mwethya hausikilizi mtu aliyesimama. Akaninyooshea jembe. Nikauliza kama kuna jingine lenye mpini mwepesi. Akasema mchagua jembe si mkulima. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kaluki alicheka kuliko wote.

Nimechimba. Mtaro wa fanya juu unachimbwa hivi: udongo unaurusha upande wa juu wa mteremko. Juu! Dunia nzima vitu vinateremka, sisi tunapandisha. Viganja vimetoa malengelenge. Siandiki zaidi, kalamu inauma.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeamka siwezi kuinua kikombe. Lakini akili inafanya kazi!

Mwethya ni kodi. Watu wanailipa kwa mgongo. Nyumba zote sawa, hakuna anayekwepa, hakuna hata mtoza ushuru. Katika safari zangu zote sijaona kodi nzuri kama hii. Ina kasoro moja tu: nami nailipa.

Nchi zilizoendelea zina dawa ya kasoro hiyo. Inaitwa msamaha. Nimeandika kifungu kimoja safi: mtu yeyote anayetoa huduma ya kitaalamu asamehewe kuchimba. Bi. Sandra akija atakuta kodi, sheria, msamaha na raia walioridhika. Mimi nitakuwa nimesimama kando na kuelezea.

Kaluki amekisoma kifungu huku akichambua maharagwe. Amenikumbusha tasnifu yangu, ile aliyoichapa yeye mwenyewe akiwa na mimba ya mtoto wetu Mutanu. Kurasa mia tatu za kusema kwamba msamaha ni mchwa wa kodi, ukiingia hautoki mpaka nguzo ianguke. Nimemweleza kwamba ile ilikuwa nadharia. Na ilihusu watu wengine.

Ijumaa, 17 Oktoba

Imepita! Kwa kura zote!

Nilihutubia nikiwa nimeshika jembe, kwa hiyo nilisikilizwa. Mama Ndila aliuliza nani ataamua mtaalamu ni nani. Nikasema kila mtu anajijua. Nzisa, fundi wa nguo, akauliza kama cherehani ni utaalamu. Nilihitaji mkono wake, nikasema bila shaka. Mtu akauliza kuhusu kuchanja kuku. Bila shaka! Mikono ikapanda yote, hata wa Kaluki. Wake ulipanda polepole, na macho yake yalikuwa kwangu. Nikapiga picha ya mikono ile, nikamtumia Bi. Sandra.

Nderitu naye ameweka picha WhatsApp. Yumo ndani ya mfereji wa maji machafu hapo Salama, amepandisha suruali, ameshika koleo, pamoja na wauza matunda. Eti wafanyabiashara wamekubaliana kuzibua mifereji kabla ya mvua, kila mwenye kibanda mita zake, na yeye amepewa zake. Maigizo! Mshauri mkuu hana kazi ndani ya mfereji.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani nimepewa mkono na watu ambao kwa kawaida hunipa mgongo. Nzisa amenishukuru, hatachimba tena, ni fundi. Mwalimu wa kwaya hatachimba, ni mtaalamu wa sauti. Wavinya anayekanda watoto matumbo, naye mtaalamu. Mzee Ndolo ametangaza mbele ya pasta kwamba yeye ni mtaalamu wa kupona.

Tukirudi nyumbani Kaluki akauliza nani amebaki wa kuchimba. Nikamtuliza. Katika kila mfumo hubaki walipa kodi waaminifu. Akaniomba majina yao. Sikuwa nayo karibu.

Mawingu yamekaa juu ya vilima vya Kilungu. Kaluki anatoka nje, anayatazama, anarudi, hasemi kitu. Nimezoea Kaluki wa kusema. Huyu wa kunyamaza ananitisha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Nimeitumia kishujaa.

Tatizo ni dogo na suluhisho ninalo. Nimeenda kwa Mama Ndila, nimependekeza marekebisho: utaalamu uthibitishwe. Kikundi kikae, kila mtu aseme kazi yake, na wenzake waseme kama wamewahi kuiona. Asiyethibitishwa arudi kwa jembe. Hapo waongo watapungua na wachimbaji watapatikana.

Mama Ndila amesita. Ameniuliza kama nina hakika. Nimesema nina hakika kabisa. Akaniuliza tena, safari hii kwa Kikamba, ili nisije nikadai sikuelewa. Nikajibu kwa Kikamba. Akasema sawa, mwana wa Mwau, watakaa kesho asubuhi, kabla ya mgeni kufika.

Nimelala vizuri mchana.

Jumanne, 21 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye suti.

Nilivaa ile ya kijivu niliyonunua Addis. Kaluki alikuwa jikoni tangu alfajiri, akipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na nyama ya mbuzi, maana mwenye shamba ndiye hulisha mwethya. Bi. Sandra alifika saa nane na matope ya Salama kwenye viatu, akitabasamu. Sikulipenda tabasamu lile. Lilikuwa bado la Nderitu.

Watu walikuja. Sijawahi kuona mwethya wenye watu wengi hivyo! Kila mmoja na kiti chake. Jembe hakuna hata moja. Wakajipanga kivulini kando ya nyumba kama wazee wa mahari.

Bi. Sandra akauliza nani atachimba.

Mama Ndila akasimama, akafunga leso vizuri, akaeleza kwa heshima zote kwamba wao wanafuata sheria ya Daktari, yaani mimi. Walikaa asubuhi, wakathibitishana. Nzisa, sketi za kwaya zimeonekana. Mwalimu wa kwaya, amesikika hadi sokoni. Wavinya, watoto wanalala. Kaluki, muthokoi wake unanukia hapa hapa. Mzee Ndolo, wote ni mashahidi, yu hai. Lilipofika jina la Daktari wakaulizana nani amewahi kuiona kazi yake. Wakafikiri sana, hawakutaka kunionea. Mtu mmoja akakumbuka aliniona nimebeba kompyuta nikishuka barabara ya Nunguni. Wakajadili kama kubeba ni kazi. Mwishowe wakasema haikutosha.

Kwa hiyo Matiliku nzima imebaki na mlipa kodi mmoja.

Nilimgeukia Bi. Sandra anitetee. Alikuwa amepewa sahani.

Nimechimba kwa suti! Wataalamu walinishauri bila malipo. Mwalimu wa kwaya alisema pumzi yangu inatoka kifuani badala ya tumboni. Nzisa alisema koti litaachia kwapani. Likaachia. Akasema aliwaambia. Mzee Ndolo alipiga kelele mpaka akakohoa: juu, mwana wa Mwau, rusha juu, aiya, huyu mtoto alilelewa wapi! Bi. Sandra alikula, akaandika, akaongezewa, akaandika tena.

Jioni mtaro wangu ulikuwa na urefu wa kitanda. Kitanda cha mtoto. Wageni walipoondoka Kaluki alisimama kwenye ukingo, akautazama, akayatazama mawingu, machozi yakamtoka. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Iliniuma kuliko viganja. Nilitaka kumwomba msamaha, wa kweli, ule usio na kifungu. Lakini si busara kukiri jambo kabla matokeo hayajatoka.

Jumatano, 22 Oktoba

Niliamka kwa kishindo nikadhani ni mvua. Ni majembe!

Mwethya wote uko shambani kwetu, na leo si siku yao. Mama Ndila amesema jana ilikuwa siku ya Daktari, leo ni siku ya Kaluki. Msamaha wameufuta njiani wakija, bila hata kusimama. Nzisa anachimba. Wavinya anachimba. Mwalimu wa kwaya anachimba na kuimbisha. Kaluki yuko katikati yao, matope mpaka kwenye viwiko, anacheka kama msichana. Sijamwona akicheka hivyo tangu Februari.

Nilitoka kusaidia. Mama Ndila akakagua viganja vyangu, akatikisa kichwa, akanipa ndoo. Nimewagawia maji asubuhi yote. Kufikia saa sita shamba lilikuwa limekwisha, mtaro juu ya mtaro, hadi kwenye mpaka.

Sasa tutazame jambo hili kitaalamu. Kabla ya mageuzi yangu shamba moja lilichukua siku nzima. Baada ya mageuzi, nusu siku. Sera imefaulu! Nimemwandikia Bi. Sandra hivyo, na jedwali juu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nderitu. Vienna. Nderitu!

Bi. Sandra ananishukuru kwa alasiri ambayo anasema hataisahau. Ameomba ruhusa ya kuitumia katika mafunzo ya washauri wapya wa Baraza. Itafundishwa kama kisa cha Matiliku. Sijaelezwa itafundishwa chini ya kichwa gani, ila mtu hafundishi jambo dogo. Nimekubali.

Nderitu amepiga simu. Amesema pole, na sauti yake ilikuwa ya pole kweli, jambo ambalo lilinikera. Amesema atahitaji msaidizi, mtu wa kuandaa jedwali. Nimemwambia nimebanwa sana kwa sasa. Kaluki alikuwa mlangoni akisikiliza. Alifunga macho.

Jioni mvua imenyesha. Mvua ya kweli, ya kupiga mabati mpaka hamsikilizani. Kaluki alitoka peku, akaniita. Nikaenda. Maji yalikuwa yamesimama ndani ya mitaro, mmoja baada ya mwingine, na udongo ulikuwa umekaa mahali pake. Akanishika mkono ule wenye bendeji. Tukalowa. Nilifurahi.

Jumapili, 26 Oktoba

Kosa nimeligundua! Limenijia wakati wa mahubiri.

Kifungu kilikuwa sawa. Kosa ni upana wake. Niliufungua mlango wote, wakaingia wote. Kosa la kawaida la waanzilishi.

Ndunge, binamu ya Kaluki, anaishi Ikutha, huko Kitui kusini. Mwethya wao unafukua bwawa la kunyweshea ng'ombe kabla halijajaa. Nimempigia. Amesema wanamkaribisha yeyote mwenye mikono. Nimemwambia naja na zaidi ya mikono. Habari za hapa hazijavuka mto Athi, nimechunguza. Nikifaulu, Vienna watasikia, na safari hii watakuja wenyewe kunibembeleza.

Kaluki ameniuliza kama katika mambo yote haya kuna hata moja nililojifunza. Nimesema mengi, nimeyaandika kurasa nne. Ameondoka kwenda kupanda mahindi.

Ikutha msamaha utakuwa wa mtu mmoja tu. Nimeshamteua.