Bunge Nalo Libomolewe

Nyumba ya Mawe, nyuma ya Bunge,
Reykjavík.

Kwa Mwenyekiti, Bi. Hallveig,
Kamati ya Kupendezesha Mji.

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu, na hongera kwa uhodari wa kubomoa kwa kalamu. Barua yako imefika. Mmeamua nyumba yangu iangushwe mwezi ujao, mimi na mke wangu Salvör tuhamie ghorofani, ili wageni wanaopiga picha Bunge wasiione kamba yetu ya nguo. Nimezisoma sababu zenu mara tatu. Ni nzuri mno, naona haya kuzifaidi peke yangu. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mlibomoe na Bunge pia.

1. Mmesema nyumba yangu ni ndogo. Kweli. Lakini tuko wawili, na kila mtu ana kiti chake. Bungeni wako sitini na watatu, na viti wanagawana kwa kura! Mtu mzima ametoka kanisani kwenye ibada ya kufungua Bunge, na tai yake, anatumbukiza mkono kisandukuni kutafuta namba ya kukalia. Mimi na Salvör hatujawahi kupigia kura kiti cha dirishani. Anakaa yeye, basi.

2. Mmesema kile kiatu cha bati juu ya mlango wangu kinapotosha watu, kwa kuwa fundi viatu aliyepanga kwetu alishahama. Jamani! Hebu toka nje utazame paa la Bunge. Taji la mfalme wa Denmark aliyetutawala bado limekaa pale. Mfalme mwenyewe tuliagana naye mwaka 1944.

3. Mmesema tuliongeza chumba cha nyuma bila kuuliza. Na lile jengo la duara lililobandikwa mgongoni mwa Bunge mwaka 1908, kama kitambi, jirani gani aliulizwa? Babu yangu aliamka siku moja akakuta limemzibia jua.

4. Hili limeniuma. Mmeandika kwamba nyumba yangu "haina historia". Babu yake babu yangu, Ketill, alichonga mawe ya Bunge hilo kwa tindo, kwenye baridi ya kukata masikio, likaisha mwaka 1881. Kisha akatujengea yetu kwa mikono ileile. Na hakugusa hata kokoto moja ya serikali! Domo ukoo wetu tunalo, ila mkono mrefu hatuna. Nimezaliwa humu, na nilitaraji kufia humu. Nanyi mnaniambia haina historia, mliofika juzi na futi ya kupimia!

Wabunge wakikosa pa kukaa, na waje jikoni kwetu kabla hamjaibomoa nyumba. Salvör anasema wavue viatu mlangoni, na atakayehutubia kupita muda wa kikombe kimoja cha kahawa ataosha vyombo.

Nisalimie wajumbe wote, hata yule aliyepima sebule yetu na matope miguuni.

Wako katika kubomoa,
Eyvindur Ketilsson

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nilikwenda kulipima Bunge, nikujazie fomu ya kubomoa sawasawa. Kwenye pembe ya chini nikapapasa jiwe moja: mikato mitatu na nukta, alama ya Ketill niliyosimuliwa na babu, na chini yake namba ya jiwe, arobaini. Nilisimama nimelishika, mvua inaninyeshea, mpaka askari wa mlangoni akaniuliza, "Mzee, vipi, unaumwa?" Nikarudi mbio kumwambia Salvör. Akanishika shingo akaniinamisha kwenye mawe ya meko yetu. Mikato mitatu na nukta. Namba arobaini na moja. Jiwe lililofuata, arobaini na mbili. Meko zima! "Miaka yote nalisugua mimi," akasema, "wewe unakula tu. Babu yenu alikuwa mwizi hodari."

Kwa hiyo Bunge msiliguse, nakuomba sana, maana mkono wa mzee wetu uko pale. Namba nne isome haraka haraka. Mawe yenu njooni mchukue wenyewe. Ila vueni viatu, na mngoje mkate uive, kwa kuwa Salvör hazimi moto kwa ajili ya kamati.