Siku niliyowapanga wakwe kwa uzito

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. (Si nguo za kweli, tulieni. Hizo ningezivaa tena, yakaisha.)

Ni saa kumi na moja jioni, wageni wameondoka, nimekaa jikoni na simu. Acha niwaambie mwenyewe, kabla kartie, mtaa wetu mzima, haijawaambia kwa namna yake.

Wengi wenu mnanijua kama mshonaji wa hapa Bunia. Wachache mnajua kwamba nilizaliwa na kukulia ndani ya boti. Si kando ya ziwa. Ndani ya boti! Ilikuwa ya baba, boti ndefu ya mbao za buluu, paa la mabati, vyumba viwili vidogo, imefungwa pale Kasenyi kwenye Ziwa Albert. Baba alikuwa anavusha mizigo upande wa Uganda, na siku zisizo za safari boti ndiyo ilikuwa nyumba yetu. Mama alipika kwenye mbabula, jiko la makaa, iliyosimama ndani ya nusu pipa la mchanga. Sahani tuliziosha kwa kuinama tu, mayi haya hapa. Tulikuwa na kuku mmoja aliyetagia juu ya kamba za nanga, na hakuna aliyeruhusiwa kumfukuza, kwa sababu mama alisema naye ni mwenye nyumba. Tulipohamia Bunia nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na mwezi mzima sikupata usingizi kwa sababu kitanda kilikataa kuchezacheza. Mdogo wangu Furaha, mtoto wa miaka sita, ndiye alikuwa anakisukuma kwa mguu mpaka nasinzia.

Tulihama kwa sababu ya fujo. Tulipanda mlima na mabunda kichwani, boti ikabaki. Baadaye tulisikia mbao zake zimekuwa milango ya watu. Baba hakukaa sana duniani baada ya hapo. Nikiliona lango la mbao la buluu popote, mpaka leo nasimama.

Basi. Boti ile ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: isiegemee upande mmoja. Mgeni akiingia, baba alisimama mlangoni, anamtazama toka kichwa mpaka miguu (si dharau, alikuwa anampima kwa macho), halafu anasema: "Weye, kushoto. Weye, kuume. Mama, sogea kidogo." Pale ziwani hakuna aliyekasirika. Pasta mmoja mnene alihamishwa mara tatu ndani ya sala moja, na kila mara alisema amina, akahama. Na kama watu wamehama na boti bado inalala upande, kilichofuata ni kutupa mzigo ziwani. Hiyo ilikuwa kazi ya baba mudogo Zakayo, mdogo wake baba. Alikuwa anashika kizito kilicho karibu, anatupa. Haulizi ni kitu gani. Haulizi ni cha nani.

Baba mudogo Zakayo naishi naye hapa nyumbani. Kumbukeni hilo, nawaomba.

Sasa, Furaha yule wa kusukuma kitanda amekua, na amepata mchumba. Anaitwa Daniel. Kijana mwema, mpole (mpole kupita kiasi, mtaona), wa familia ya watu wa ng'ombe kule milimani. Shida ni shangazi yake, Mama Marta. Ndiye aliyemlea, na bila neno lake kule hakuna ndoa. Huyo mama alikuwa amekwisha kusema: "Binti mwenye hana kiwanja kwao, siku akikasirika mutamufuata wapi?" Daniel akaogopa. Akamwambia kwamba siye tuna nyumba Kasenyi. Nyumba nzuri, inaangalia ziwa.

Asubuhi ya leo, siku ya wakwe kuja kujitambulisha, Furaha alinishika mikono yote miwili.

"Yaya, dada yangu mukubwa, nakuomba. Leo usitaje boti. Ata mara moja. Shangazi akikataa, Daniel hawezi kumupinga. Miye nitabaki na nani?"

Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nikamwambia, "Nitafunga kinywa. Baba mudogo naye nimemuonya." Baba mudogo akaitika kwa kichwa. Alikuwa amevaa koti la ndoa ya mtu mwingine.

Saa nane wakafika. Watu saba, Daniel akiwemo! Na si watu saba hivi hivi. Watu waliokunywa maziwa toka utotoni, warefu, wapana, wenye afya zao. Walileta zawadi: bidon (dumu) ya manjano imejaa maziwa ya ng'ombe wao wenyewe. Wakaiweka chini ya dirisha, karibu na miguu ya baba mudogo. Tukasalimiana, tukaombewa, tukakaa.

Na hapo ndipo balaa ilipoanza, kwa sababu mnajua desturi. Wakwe upande mmoja, wenye binti upande mwingine. Wote saba wakakaa kuume, Mama Marta kwenye kiti kikubwa cha fotei, wengine kwenye benchi mbili. Kushoto tukabaki siye watatu: miye, Furaha na baba mudogo. Ungetujumlisha siye wote watatu, ile fotei tusingeijaza.

Mwili wangu ukaanza kulalamika. Sikio likaanza kuvuma. Mguu wa kushoto ukawa unakandamiza sakafu wenyewe, bila kutumwa. Nikajisema kimoyomoyo: weye, iko kwa nchi kavu. Hii ni sakafu ya mbao, chini yake iko udongo, na chini ya udongo iko Kongo nzima. Tulia! Nikamtazama baba mudogo. Naye alikuwa anatoka jasho.

Mama Marta akaanza kuuliza maswali. Ana sauti ya polepole, ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa.

"Nasikia muko na nyumba Kasenyi."

"Ndiyo, mama."

"Vyumba ngapi?"

"Viwili, mama. Na baraza, mbele na nyuma." (Ni kweli kabisa!)

"Mayi ya kunywa inakuwa mbali?"

"Hapana, mama. Mayi iko karibu sana."

Furaha akanikanyaga chini ya meza.

"Na mulango inaangalia wapi? Jua inapotoka?"

Nikajibu bila kufikiri: "Inategemea upepo."

Daniel akaanza kukohoa. Baba mudogo naye akakohoa, kwa kusaidia. Mama Marta akanitazama kitambo, akashika kikombe chake, akanywa. Nilidhani nimepona.

Mvua ikaanza. Mnajua mvua ya Bunia, haipigi hodi. Upepo ukaingia kwenye mbao za ukuta, mabati yakapiga kelele. Halafu barabarani, nyuma kidogo tu ya nyumba, likapita lori kubwa la mizigo, la kwenda Mahagi. Nyumba yangu ni ya mbao. Lori likipita, sakafu inatikisika kila siku, na kila siku nanyamaza.

Lakini leo, sakafu ikiwa inatikisika, Mama Marta akainuka kidogo kuchukua sukari. Akaegemea meza kwa kiwiko. Na ile meza yangu (fundi wake Mungu amusamehe) mguu mmoja ni mfupi. Meza ikalala kuume. Vikombe kumi vyenye chai vikaanza kutelemka, taratibu, vyote pamoja, kuelekea kwa wakwe.

Ndugu zangu, ukizaliwa ndani ya boti, vikombe vikitelemka hivyo hungojei kuelezwa.

Nilisimama. Kinywa kikafunguka. Na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya baba, ile yenyewe, nzito, iliyokuwa inapita juu ya dhoruba:

"WAZITO WOTE KUSHOTO! Mama munene, ondoka pale! Haraka! Tunapinduka!"

Na walihama! Sijui kwa nini, lakini watu wazima saba walinyanyuka wakaruka upande wetu. Mjomba mmoja aliruka na sahani yake ya mandazi. Mama Marta mwenyewe alivuka ile saloni ya wageni kwa hatua mbili na akatua kwenye kiti cha Furaha. Furaha alikuwa bado yumo.

Ingeishia hapo, ningesema ni neva. Lakini baba mudogo Zakayo alikuwa amekwisha kusimama. Miaka thelathini ya kazi iliamka mwilini mwake. Akainama, akashika kizito kilicho karibu, akafungua dirisha, akatupa.

Tulisikia kishindo uani. Halafu tukasikia glu, glu, glu.

Maziwa ya wakwe.

Baba mudogo akajipangusa mikono, akanigeukia akiwa amenyooka kama zamani, akauliza, "Kapiteni, imenyooka?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa anamuuliza baba. Kila mara, maisha yake yote. Na miye, Mungu anisamehe, nikaangalia sakafu, nikajibu: "Imenyooka."

Ndipo nikarudi Bunia.

Mvua ilikuwa inapiga. Chai ilikuwa inatonatona toka mezani. Upande wa kuume hakukuwa na mtu hata mmoja. Furaha alikuwa ameziba uso kwa kitenge, sehemu ile ya uso ambayo Mama Marta hakuwa ameifunika. Nilitamani ile sakafu ifunguke kweli, nizame, nipelekwe mpaka Kasenyi.

Mama Marta akainuka polepole. Akanyoosha kilemba.

"Mutoto. Umeniita nani?"

"Mama… munene."

"Na maziwa yetu iko wapi?"

Baba mudogo akajibu kwa heshima, "Kwa ziwa, mama." Akachungulia dirishani. "Pardon. Kwa matope."

Nikaona kwamba hakuna tena cha kuficha. Nikapiga magoti palepale kwenye chai, nikasema yote. Kwamba ile nyumba ilikuwa boti. Kwamba kiwanja hatukuwa nacho, tulikuwa na kamba na nanga. Nikaeleza habari za baba mlangoni anapima wageni kwa macho, na mama na mbabula yake, na yule kuku. Nilidhani naomba msamaha, kumbe nilikuwa nalia. Nalilia mbao! Miaka ishirini nimeishi kwenye nchi kavu, na leo ndiyo mara ya kwanza nimesema kwa sauti kwamba naikosa ile boti, naikosa sana, na baba zaidi.

"Mama, musimukatae Furaha kwa ajili yangu," nikasema. "Yeye alikuwa mutoto. Hana hata ile desturi ya boti. Miye njo nimeharibika."

Furaha akasimama kando yangu. "Miye njo nilimukataza kusema boti, mama. Kosa ni yangu."

Sote tukamtazama Daniel. Daniel akatazama viatu vyake. Halafu, ajabu ya leo, akafungua kinywa: "Shangazi, ile uongo ya nyumba ni yangu. Nilikuogopa."

Mama Marta akageuza macho dirishani. Niliweza kusikia bidon ikiendelea kujimwaga uani. Mwishowe hakunitazama miye wala Daniel, akamgeukia baba mudogo.

"Weye muzee. Kaka yako, miye angeniweka wapi?"

Baba mudogo akamtazama toka kichwa mpaka miguu. Nikafumba macho.

"Katikati, mama," akasema. "Mutu kama weye hatumuweke pembeni. Akikaa katikati, boti inatulia, na watoto wanalala."

Mama Marta akafikiri. "Daniel, leta hii fotei katikati."

Ikaletwa. Akakaa katikati ya saloni, meza ikabidi iondolewe, na siye wote tukamzunguka bila mpango, wakwe na wenye binti wamechanganyikana, desturi imeharibika kabisa. Akaomba chai nyingine. Akanywa nusu.

"Niliuliza kiwanja kwa sababu naogopa mutu mwenye hana kwao," akasema. "Huyu mushonaji, baba yake amekufa miaka yote hii. Leo baba huyo amemuamurisha binti, akatii, na siye wote tukatii naye. Mutu kama huyu iko na kwao." Akaweka kikombe chini. "Furaha tunamutaka. Lakini siku ya ndoa, huyu muzee asikae karibu na keki."

Shangwe! Vigelegele! Yule mjomba wa mandazi akamkumbatia baba mudogo, ambaye mpaka sasa hajaelewa alikosea wapi.

Wageni walipoondoka, nilidhani nikifunga mlango nitacheka. Nimekuja jikoni nikakuta dirisha liko wazi, na nje, kwenye manyunyu, Furaha anaokota bidon ya wakwe. Amesimama ameikumbatia, mabega yanamcheza.

Nikamuuliza, "Unalia ao unacheka?"

"Vyote, yaya. Usiniangalie."

Na ninyi pia, nawaomba, msiniangalie.