Mteja Aliyetaka Kutukanwa

Asubuhi ile Pitshou aliingia soko la Owino, Kampala, akiwa na hamu kubwa ya kutukanwa.

Usimwonee huruma. Kutukanwa ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa bidii kuliko wengi wenye kazi halali. Huingia dukani, akamchokoza muuzaji hadi akaropoka, kisha akamlilia mwenye duka: yeye ni mnunuzi wa hoteli kubwa ya Bugolobi, amekuja kuagiza mzigo, na tazama alivyodhalilishwa! Mwenye duka, akiona faida inampita puani, humtuliza kwa zawadi. Mkanda aliovaa Pitshou ulikuwa wa pole. Viatu navyo vilikuwa vya pole.

Sasa alitaka suti, maana Jumamosi alikuwa akijitambulisha ukweni, kwa kina Huguette, mchumba wake. Mfukoni alikuwa na pesa za vitenge na soda za wakwe, lakini kununua suti kwa pesa aliona ni kuidharau taaluma.

Akachagua duka la Cleopas, tena kabla halijauza kitu. Owino mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu, siku nzima imeingia mkosi, na hakuna bosi anayeutaka.

Muuzaji alikuwa Kaltumi, mama Mnubi wa Bombo, aliyemwita kila mteja mwanamume ssebo, yaani bwana.

"Karibu, ssebo. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

"Nimekuja kununua, si kusalimia."

"Pole, ssebo. Keti basi, miguu ipumzike."

"Hii suti ni ya kuzikia mbwa!"

"Una jicho, ssebo. Nikuletee nyingine?"

Akashushiwa suti zote. Akazitupa chini moja moja. Kaltumi akaziokota huku akimshukuru. Pitshou akaanza kutoka jasho. Hakuwahi kufanyiwa ukatili wa namna hii.

"Mama, wewe hata hasira hauna?"

"Ninayo, ssebo. Nimeiacha nyumbani na watoto."

Latifah, muuza chai wa pale ujiani, akamvuta Kaltumi pembeni. "Huyo mutu ndiye alinifukuzisha duka la viatu. Bosi wako akifika tu, atalia."

Cleopas alikwisha kumwonya Kaltumi: lalamiko moja la mteja, na aende zake.

Na Cleopas huyo akatokea.

"Mi mutu wa hoteli nzima!" Pitshou akapaza sauti. "Natukanwa kama mwizi wa kuku!"

"Kaltumi! Umemtukana?"

Wauzaji wa jirani wakaacha kupanga nguo.

"Ni kweli, bosi," alisema Kaltumi, akapiga magoti. "Mtu mkubwa hivi, nimemwonyesha suti za bei ya chini. Kama vile hana pesa!"

"Banange!" ujia mzima ukaguna.

Pitshou alikuwa amezoea wauzaji wanaokana.

"Nisamehe, ssebo. Ngoja nikuletee ile ya mabosi."

Akaingia nyuma ya pazia na ile ile ya kuzikia mbwa, akaipiga pasi, akaivisha nailoni, akatoka ameibeba mikononi kama bibi arusi. Huko nyuma ya pazia bei yake nayo ilikuwa imenyooshwa.

"Kama umenisamehe, nifungulie siku. Hapa msamaha wa mdomo mtupu hatuuhesabu."

"Au hana pesa?" Latifah akauliza kwa sauti.

"Mtu wa hoteli? Akose?" wakamjibu wenzake.

Pitshou akazitazama zile nyuso. Kusema hana pesa ni kuiua hoteli yake mbele ya soko zima, na hoteli ile ndiyo ilikuwa shamba lake. Mkono ukaingia mfukoni kwa shida. Pesa za vitenge zikatoka. Za soda zikafuata.

Kaltumi akazipokea kwa mikono miwili, akamwongezea leso ya kufutia jasho, akamsindikiza hadi mwisho wa ujia.

"Wasalimie hotelini wote, ssebo!"

Aliporudi, Cleopas alikohoa, kama waajiri wanavyokohoa wakitaka kuomba radhi bila kuiomba.

"Kaltumi," alisema, "kesho jitahidi umtukane mwingine."