Sproketi Ndogo na Njia ya Makangale

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimesema neno mbele ya watu. Mimi! Kikaoni, wima.

Sababu ni Haidar. Ofisi yetu ya Wete inafungua tawi Makangale na karani mmoja lazima ahamie huko. Makarani tuko wawili. Haidar, mwenye pikipiki na marashi ya kutosha kuogeshea ng'ombe, akamwambia mkuu wetu, Bi Saada, kwamba Suhaib, yaani mimi, hana mke wala mtoto, ana godoro tu. Kumhamisha ni kama kuhamisha kiti. Watu wakacheka. Bi Saada akaanza kuandika jina langu.

Nikasema sina haja ya kuhamia. Nitakwenda kila siku kwa baiskeli kutoka nyumbani Jadida, na jioni nitarudi.

Haidar akauliza kama ni ile yenye pembe za kondoo. Ndiyo, ile ile! Mjomba aliniletea kutoka Maskati. Imeundwa kwa njia za kokoto. Usukani wake umepinda kwa sababu za kitaalamu.

Bi Saada akaweka kalamu chini. Jumatatu ijayo anakwenda mwenyewe kufungua mlango wa tawi. Akinikuta nimeshakaa barazani, nitabaki Jadida. Asiponikuta, nifunge godoro.

Sihami! Makangale iko nyuma ya msitu wa Ngezi, na mama hawezi kuachwa peke yake na magoti yale. Pia mimi naogopa msitu. Hili la pili sikulitaja kikaoni.

Wakati wa kutoka nilimuaga Haidar kwa adabu. Moyoni sikumuaga.

Jumanne, 5 Novemba

Nimejaribu baiskeli kwenye kilima. Kilima kimekataa.

Bibi mmoja aliyetoka Ole na tenga la muhogo kichwani alinipita kwa miguu. Akanipa sabalkheri. Sikuwa na pumzi ya kuitikia. Akaniombea dua, nadhani alidhani naumwa.

Kosa si miguu yangu. Kosa ni sproketi ya mbele, lile duara la meno kwenye pedali linalovuta mnyororo. Ni kubwa kama sinia la arusi. Imetengenezwa kwa nchi tambarare. Aliyeitengeneza hajafika Pemba.

Lakini mimi ni mtu wa kuweka akiba! Shangazi Siti alipokuja kwenye arusi ya jamaa aliniletea sproketi ndogo kutoka kwa mjomba, imeviringishwa ndani ya kanzu. Kanzu niliivaa. Sproketi niliiweka kabatini. Sasa siku yake imefika.

Mama ameniambia nimpelekee fundi. Nimekataa. Mimi nimesoma.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeifunga mwenyewe, ukumbini, juu ya jamvi la mama.

Bolti ni tano. Ukikaza mbele, nati ya nyuma nayo inazunguka, inakufanyia maskhara. Nimeizuia kwa ncha ya kisu cha kukatia vitunguu. Kisu kimepinda. Bolti moja imeruka, ikaingia mferejini. Zimebaki nne. Zinatosha, meza ina miguu minne na haijalalamika.

Halafu nikagundua kasoro ya kiwandani. Sproketi ina kijipande cha chuma kilichochomoza ubavuni, kama chunusi. Hakishiki kitu. Hakizunguki. Kipo tu, kama Haidar. Nimekisaga kwa tupa mpaka ubavu ukawa laini. Kazi nzuri sana.

Mnyororo sasa umelegea, unaning'inia kama kanga kambani. Sikuukata. Mnyororo unahitaji nafasi ya kupumua.

Mama ameuliza kisu chake kimefanya nini. Nimesema uchunguzi unaendelea.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya sala nimepanda kilima. Nimefika juu! Miguu ilizunguka kama ya kuku anayefukuzwa, baiskeli ilikwenda taratibu, lakini juu nimefika. Hakukuwa na shahidi ila mbuzi.

Tatizo dogo: mnyororo unalia. Nikafikiri. Magoti ya mama yalikuwa yakilia hivyo hivyo, akayapaka mafuta ya karafuu, yakanyamaza. Mnyororo nao ni viungo tu, vingi zaidi. Nikachukua chupa yake na kuumwagia wote.

Ulinyamaza papo hapo! Grisi nyeusi ya zamani imeyeyuka na kudondokea jamvini. Uchafu umetoka wenyewe.

Mama amekuta chupa tupu. Amesema, "Mwanangu, weye ungekuwa hukusoma ningekuchapa." Ametembea jioni nzima kwa kushika ukuta. Nimeumia moyo. Lakini namfanyia yeye haya yote. Nikihamia Makangale, nani atamchotea maji?

Jumapili, 10 Novemba

Haidar amepita Jadida kwa pikipiki, eti anamsalimia mama. Kanusa baiskeli. Kauliza kama naipika pilau. Nimecheka naye, kwa sababu alikuwa karibu na mimi ni mwoga. Kesho nitacheka peke yangu.

Jumatatu, 11 Novemba

Naandika kila kitu kama kilivyotokea. Aibu si yangu.

Nimetoka baada ya sala ya alfajiri. Mama kaja mpaka mlangoni, akasema nisipomrudia kabla ya magharibi atajua nimehamishwa, na atanipikia boko boko la kuagana. Nikamwambia asipike.

Njia ilikuwa nzuri. Kabla ya Konde mnyororo ukaanza kulia tena, kwa sauti ya paka. Kumbe karafuu hukauka. Nikaendelea. Mbele, kizuizi.

Nilisahau kwamba huu ni msimu wa karafuu, na pwani ya kaskazini ndiko zinakotoroshewa. Mtu anayekimbilia kaskazini kabla jua halijapanda, akinuka karafuu toka kisigino hadi kofia! Askari wa kuzuia magendo akaniinulia mkono kabla hata hajaniona vizuri. Pua yake iliniona kwanza.

Jina lake Afande Jabir. Shavu moja limevimba, amelifunga kwa leso. Akauliza, "Karafuu ziko wapi?"

Nikajibu ukweli, maana nikiogopa siwezi kusema kitu kingine. "Kwenye mnyororo, afande."

Akasema amefanya kazi hii tangu ujana wake, hajasikia dharau kama hii. Akang'oa kiti, akatia kijiti ndani ya bomba la baiskeli kutafuta karafuu. Hakuna. Akapapasa magurudumu. Hakuna. Akapitisha kidole kwenye mnyororo, akakinusa. Kisha akafungua leso na kukipaka kidole kile kwenye jino lake bovu.

Akafumba macho. Akapaka tena. Nilimwomba aniruhusu niende, akanionyesha kwa mkono nisubiri. Alimaliza mnyororo mzima, kiungo kwa kiungo, huku mimi nikizungusha pedali. Jua likapanda. Pikipiki ya Haidar ikapita, Bi Saada amekaa nyuma upande upande, ameshika mkoba wake. Haidar akapiga honi.

Afande akaniachia, akaniombea heri. Kiti kikakataa kurudi sawasawa, nikaendesha nimesimama.

Msituni mnyororo umeanguka. Umeangukia katikati ya sproketi na mkono wa pedali, pale pale nilipokisaga kile kichunusi, ukanasa kama kidole mlangoni. Nilivuta. Nilisoma dua zote ninazozijua, nyingine za kuingilia chooni kwa sababu ya hofu. Kitu kililia juu ya mti. Nikabeba baiskeli begani na kukimbia.

Nimefika nimepakaa grisi mpaka masikioni. Mlango wa tawi wazi. Haidar na Bi Saada barazani, wanakunywa chai.

Nikasema kwa ujasiri kwamba sihami. Bi Saada akauliza nimesema nini. Nikasema, "Nimesema sabalkheri, Bi Saada."

Akanitazama mimi, akaitazama baiskeli. "Karafuu umeleta," akasema. "Sasa kalete godoro."

Nimerudi baada ya isha, nimelikuta boko boko mezani. Mama alinipakulia tu, akageuza uso.

Jumatano, 13 Novemba

Mjomba ametuma ujumbe wa sauti kutoka Maskati. Anasema kile kichunusi huwekwa makusudi, ndicho kinachouzuia mnyororo usiangukie pale. Anauliza kama kipo salama.

Mjomba ameondoka Pemba zamani. Hajui milima yetu. Sijamjibu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimehamia. Nimepanga chumba kwa Mzee Nyange, mkulima, jirani na tawi. Ananiita Karani Karafuu. Mji mzima umeshaijua habari. Usiku mama anaumwa magoti na mimi siko, jirani ndiye anayemchotea maji.

Lakini sikukaa bure! Jana nilimpigia simu Bi Saada. Nimemwahidi kwamba Jumatatu nitamfikishia karatasi za wiki Wete, kwa baiskeli, kabla hajafungua mlango wake. Nikifika, nirudishwe Jadida. Akasema nikichelewa anayo nafasi nyingine kisiwani Fundo, ambako hata baiskeli hupanda boti. Nikasema naam.

Yote yako tayari. Mjomba ameniletea sproketi mpya kwa msafiri wa ndege, bila kuuliza tena, nayo pia ilikuja na chunusi. Leo asubuhi nimeisaga, safari hii pande zote mbili. Mama amenitumia chupa mpya ya mafuta ya karafuu nijipake kifuani kwa baridi ya huku. Baridi naivumilia, nimeyaweka yote kwa ajili ya mnyororo. Tatizo la kwanza lilikuwa uchache wa mafuta.

Na Afande Jabir ameniletea salamu. Jino la pili limeanza kumuuma. Jumatatu alfajiri atakuwepo kizuizini, ananisubiri.

Sasa hata serikali iko upande wangu.