Mrija wa Tisa Kutoka Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti

Mto umeingia kwenye mtambo. Si wote, ni kijiko kijiko tu. Lakini kwenye mtambo wa umeme kijiko kinatosha kuua.

Naandika haya ili siku moja ijulikane nani alisema kweli. Asubuhi mkemia wetu, mzee wa miwani na goti bovu, alipima maji yanayokwenda kwenye bwela, lile jiko letu la kuchemshia mvuke, akakuta chumvi. Chumvi kule ni sumu, inakula chuma. Kwa hiyo mrija umetoboka ndani ya kondensa. Kondensa ni lile tanki letu kubwa, kubwa kuliko nyumba yangu na ya jirani, ambamo mvuke ukishazungusha mtambo hupozwa ukawa maji tena. Mirija elfu nane imelala ndani yake, imebeba maji ya mto. Mmoja wao unavuja. Upi? Hapo ndipo wanaume wanapotengana na wavulana.

Na wiki yenyewe ni wiki njema. Nyapara wa matengenezo anastaafu Jumamosi. Mama Mhandisi, mkuu wetu, katuita wawili ofisini, akasema kiti kitakuwa cha mmoja wetu: mimi, au shemeji yangu. Ndiyo, shemeji, mdogo wake mke wangu. Mimi nina miaka ishirini na mbili humu, yeye ana minane. Na aliyemleta hapa kazini ni nani? Mimi! Nilimshika mkono getini mwenyewe. Fadhila za punda kweli ni mateke.

Shemeji ana mashine mpya. Fimbo ndefu yenye waya na vitu vya kuvaa masikioni, eti inasikia hewa ikivuja. Mimi nina povu. Povu halina betri. Unafungua mlango wa kondensa, unapaka povu kwenye lile bamba lenye matundu ya mirija, kisha unangoja. Ndani ya tanki hewa imefyonzwa yote, kwa hiyo mrija uliotoboka unavuta. Povu linabonyea pale pale, linamezwa. Unapiga kizibo huku, unapiga kizibo upande wa pili, basi. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nitakavyokufa.

Mke wangu kaniuliza kwa nini tusifanye pamoja, si ni ndugu. Nimemwambia kiti ni kimoja na matako ni manne.

Jumanne, 5 Agosti

Stoo hakuna povu. Mtunza stoo kasema la mwisho liliisha mwaka jana na hakuna aliyeandika. Shemeji alikuwepo. Akatabasamu. Nikaapa.

Nikatoka na ndoo, sabuni ya unga, na mchapo wa mayai wa mke wangu. Nikachapa mpaka mkono ukafa ganzi. Povu likapanda zuri, jeupe, nikajisifu. Nusu ya kondensa ilikuwa imefungwa maji tayari, nusu nyingine inaendelea kufanya kazi. Nikafungua mlango, nikapaka bamba zima.

Likateremka. Lote! Sabuni ya nguo haina msimamo. Kila tundu likaonekana limemeza povu, matundu yote elfu nne yananikodolea macho. Lililobaki likatiririka sakafuni. Mama Mhandisi akapita kuja kukagua, akateleza. Nani akamdaka? Shemeji, bila shaka, na fimbo yake mkononi.

Mama Mhandisi aliuliza kwa upole kama tunatafuta tundu au tunafua. Mafundi wakacheka. Nikajibu kwamba lilikuwa jaribio la awali. Hakuna jaribio la awali katika kazi hii, lakini neno lilitoka na nitalisimamia.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya ushindi wangu. Niiandike taratibu.

Asubuhi alikuwa shemeji na fimbo. Akaipitisha kwenye bamba, mashine ikalia. Ikalia tena. Mwishowe kasema uvujaji uko upande wa juu kushoto, eneo la kama mirija sitini. Sitini! Nilicheka mpaka wakanigeukia. Nilisema wazi mbele ya kadamnasi: mashine hii inajua mtaa, haijui nyumba.

Nilitegemea aaibike. Badala yake akasema ni kweli kabisa, shemeji, ndiyo maana tunahitaji povu lako. Mama Mhandisi akafurahi. Akatuagiza tushirikiane: fimbo itaje mtaa, povu litaje nyumba. Jamani! Kwa hiyo sifa tugawane? Thubutu.

Mpango wangu ulikuwa tayari. Mke wangu ana saluni ya kiume, na wanaonyolewa ndevu hupakwa povu la kopo. Nilimwomba makopo matatu. Alinipa matatu. Nikachukua kumi na moja. Saa ya chakula, wote wakiwa kantini, nikaingia peke yangu. Upande wa nyuma wa kondensa nikauziba kwa nailoni kubwa, maana pakiachwa wazi hewa inapitia huko. Kisha nikarudi mbele, nikapaka. Povu la ndevu! Zito, limesimama, linanukia ndimu. Bamba likawa jeupe lote. Nikangoja, nimebana pumzi.

Likabonyea. Tundu moja tu, dogo, likavuta povu ndani polepole mpaka likabaki duara jeusi. Nilipiga kelele peke yangu mle. Sioni haya kusema machozi yalinitoka. Miaka ishirini na mbili, na sasa hivi kondensa limeniambia siri mimi, si fimbo.

Nikahesabu. Safu ya kumi na nne kutoka juu, mrija wa tisa kutoka kushoto. Nikapiga kizibo kwa nyundo. Barabara!

Hapo ndipo shemeji akatokea, mdomoni bado anatafuna. Aliona, akanipongeza, akanishika mkono. Akasema basi amulike tochi upande huu kwa kupitia mrija, mimi niende nyuma nikaone mwanga unatokea wapi, ndipo nipige kizibo cha pili. Nikamwambia kizibo kimeshaingia, mwanga utapita wapi? Akasema tukitoe kidogo. Nikitoe! Nilimwambia mimi nimejua kuhesabu kabla yeye hajaota meno. Akairudisha tochi mfukoni. Shemeji ana adabu, hilo sitamnyima, adabu ya kuudhi.

Nikazunguka nyuma. Nailoni iligoma kutoka, imenyonywa sehemu fulani upande wa kulia, imeng'ang'ania. Nikaivuta kwa hasira ikachanika. Nikahesabu: safu ya kumi na nne kutoka juu, mrija wa tisa kutoka kushoto. Kizibo. Nyundo. Tukafunga milango, tukarudisha maji.

Jioni nilimwambia mke wangu aanze kuniita Nyapara, azoee ulimi. Akauliza makopo yake mengine manane yako wapi. Wanawake hawaoni picha kubwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilifika kazini nimevaa shati la Ijumaa.

Saa nne mkemia kapima. Chumvi iko pale pale. Nikasema mabomba yanahitaji muda wa kujisafisha. Mama Mhandisi akakubali, ila akataka kipimo kila saa. Mkemia akalalamikia goti, maana bomba la kuchukulia maji liko chini na maabara iko juu, ngazi sitini. Nikajitolea kubeba chupa. Wote wakaniona muungwana.

Saa tano, chumvi pale pale. Saa sita, pale pale. Saa saba Mama Mhandisi akasema ikiendelea hivi, kesho tunafungua tena, na safari hii shemeji ataongoza. Kesho! Siku moja kabla ya kiti! Maji yalinifika shingoni.

Nakiri nilichofanya, kwa sababu hakikuwa kosa, kilikuwa busara iliyokosa bahati. Mlangoni mwa kantini kuna lile dude la maji ya kunywa. Maji safi, yamechujwa mara tatu, imeandikwa ubavuni. Nayanywa kila siku na niko mzima. Nikajaza chupa ya saa nane hapo. Nia yangu ilikuwa kutuliza watu tu, ili bomba lipate nafasi ya kujisafisha bila fujo.

Mkemia akaipokea. Akaitazama. Akasema chupa hii ya baridi, inatoka jasho. Nikamjibu nimepita nayo kivulini. Akatumbukiza kipimo chake.

Sikujua! Nani angejua? Kumbe maji ya kunywa yana chumvichumvi za kila namna, mwili unazipenda. Kwa binadamu ni safi. Kwa bwela ni tope. Namba zilipanda mpaka zikagonga mwisho wa kipimo. Mkemia alisahau goti lake, akakimbia. Ndani ya dakika tatu Mama Mhandisi akaamini mto wote umeingia, akaamuru mtambo uzimwe. Ukazimwa. Ule mngurumo niliouzoea miaka yote ukashuka, ukashuka, kimya. Nilihisi kama nimemuua mtu.

Nusu ya mji haina umeme. Mke wangu akapiga simu. Ana mteja kanyolewa nusu kichwa, mashine imekufa mkononi, mteja hakubali kutoka wala hakubali kukaa. Ameuliza kama najua tatizo ni nini. Nimemwambia mambo ya kitaalamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Walijua. Mkemia kalala na ile chupa ya baridi akilini, asubuhi akapima maji ya kantini. Namba zile zile. Kaja mpaka nilipo, kaniwekea chupa mezani.

Wakafungua kondensa. Shemeji akang'oa kizibo changu cha mbele, akamulika tochi kwenye mrija. Akaniomba nizunguke nikaangalie. Nikazunguka. Mwanga ulikuwa unatokea mbali kabisa na kizibo changu cha nyuma, kulekule kulia ambako nailoni iling'ang'ania. Kizibo changu kimeziba mrija mzima usio na hatia, na ule mbovu umeachwa wazi unakunywa mto.

Shemeji akanieleza taratibu, mbele ya Mama Mhandisi, kwamba nikisimama mbele naangalia bamba, na nikizunguka nyuma nimegeuka, kwa hiyo kushoto ya mbele inakuwa kulia ya nyuma. Ndiyo maana watu humulika. Akachora kwenye karatasi. Akaigeuza karatasi.

Nilikataa. Nilikataa kule, nakataa hapa ninapoandika. Mkono wangu wa kushoto ni huu. Nikienda mbele ni huu, nikienda nyuma ni huu, nikienda sokoni ni huu. Haujawahi kuhamia upande wa pili hata siku moja. Kama kondensa limejengwa kinyume, alaumiwe aliyelijenga.

Mama Mhandisi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kosa la kuhesabu angelisamehe. La chupa hapana. Alikuwa ameshaniandikia barua ya kunifukuza, ilikuwa mbele yake. Ni shemeji aliyezungumza. Alisema povu lilikuwa sahihi, bila povu langu wangekuwa bado wanatafuta, na kwamba fundi wa miaka ishirini na mbili hatupwi kwa sababu ya chupa moja. Alisema yeye ndiye angependa kufundishwa povu na mimi. Mama Mhandisi akaikunja barua.

Kiti kapewa shemeji.

Nilikwenda nyuma ya stoo nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Imeniuma. Sitaandika sana. Imeniuma kwa sababu nilikitaka kile kiti tangu nikiwa na nywele nyeusi, na imeniuma zaidi kwamba aliyenitetea ni yeye. Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Mke wangu alijua yote kabla sijafika mlangoni. Hakunisuta. Alisema tu kwamba mteja wake alirudi kumaliziwa kichwa, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia shemeji si mkuu wangu. Akasema kuanzia kesho ni mkuu wako.

Jumapili, 10 Agosti

Jana nyapara mzee aliagwa. Nilipiga makofi kama wengine, hakuna atakayesema nilinuna.

Leo nyapara mpya katuita kazini. Mrija mbovu umezibwa pande zote mbili, mtambo utawashwa saa kumi. Lakini kabla milango haijafungwa, shemeji alitaka kazi moja ya kudumu: namba za safu na za mirija zipakwe kwa rangi kwenye kingo za mabamba mawili, mbele na nyuma, ili kosa lile lisirudiwe na yeyote, milele. Kisha akaniangalia, akasema kwa heshima zote angependa niifanye mimi, mwenye uzoefu. Nilielewa. Ananirudishia heshima yangu mbele ya watu. Moyo ukalainika, nikasema nitaimaliza leo leo.

Akataka kunipa mtu wa kumulika tochi. Ng'o! Nimesamehe, sijawa mtoto. Yule mtu nilimtuma stoo akalete brashi ambazo nilikuwa nazo mfukoni, na alipoambiwa hazipo akaenda kula.

Nimemaliza peke yangu kabla ya saa saba. Rangi nyekundu, ya meli, mtunza stoo kasema haitoki hata kwa patasi. Maandishi mazuri, yamenyooka. Bamba la mbele nimeanza namba moja kushoto. Bamba la nyuma nimeanza namba moja kushoto vilevile, yafanane, mtu asichanganyikiwe. Shemeji alipita nikiwa nimeshafunga milango, akauliza kama nilimulika. Nikamwambia kila kitu kimehesabiwa. Akanipiga bega, akaniita kaka, akaenda kuagiza mtambo uwashwe.

Nati arobaini kila mlango, nimezikaza mwenyewe. Mwenye kubisha tena kuhusu kushoto na kulia, abishane na rangi.