Usubi Wenye Jina la Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi.
Siku ya tisa mke wangu yuko kwao. Alisema amechoka kugombea beseni na mabuu. Kweli, nafuga mabuu ya usubi nyumbani. Kwenye maabara ya maji ninakofanya kazi hakuna nafasi. Lakini si mbu! Usubi wa aina hii hawaumi. Wakishaota mabawa hata kula hawali. Mgeni gani ana nafuu hiyo? Nyumba imepwaya. Nimemkumbuka mno.

Jumanne, 5 Machi.
Wazo! Mabuu niliyochota bwawani, mekundu kabisa, hayamo katika kitabu changu cha wadudu. Aina mpya! Nitaipa jina la mke wangu. Akisikia heshima hiyo, atarudi mbio. Mwenzangu wa hadubini pale maabara, tunayemwita Profesa, kasema mtaalamu atataka mdudu mzima mwenye mabawa. Kisha kauliza bwawa lenyewe liko wapi. Hanipati! Nimemwelekeza kwenye mtaro wa sokoni.

Alhamisi, 7 Machi.
Nimemwandikia mke wangu kwamba kuna jambo la heshima linamsubiri. Kajibu atakuja Jumamosi na kaka yake. Nimefua hadi mapazia.

Jumamosi, 9 Machi.
Wametoka! Asubuhi hii, mamia, sebule nzima. Mke wangu akafika na shemeji. Nikawaomba wasifungue mlango sana. Nikamwonyesha dari, nikamwambia wale wote wataitwa jina lake. 

"Mwenzangu," akasema, "mimi nilikuwa nangoja uje kunichukua. Hata mikono mitupu."

Kumbe alikuwa amefuata cherehani yake. Shemeji aliibeba, akaacha mlango wazi, usubi wakamfuata nje. Nililia mbele ya mke wangu. Akanipa pole, akaondoka.

Jumatatu, 11 Machi.
Profesa kamkagua usubi mmoja aliyenasa kwenye pazia. Aina ya kawaida, imejaa kila dimbwi. Kurasa mbili za kitabu changu, zenye picha yake, zilikuwa zimegandana kwa chai. Roho imeniuma, nimejifungia stoo.

Jioni nilitembea hadi kona ya kwao. Taa yao ilikuwa inawaka, cherehani inasikika. Nikageuza. Nitaingiaje mikono mitupu? Kesho nakwenda upande wa pili wa bwawa, kwenye tope jeusi. Huko hakosekani mdudu mpya. Huyo nitampa jina la mama mkwe.